Kati ya Mwenyeji na Mpitaji: Uhakiki wa Msamiati wa Uraia wa Kirumi katika Tafsiri za Kiswahili, kwa Kuzingatia Kenani na Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno yaliyotumiwa na tafsiri mbili za Biblia, yaani Toleo la Muungano la 1952 na Habari Njema ya miaka ya 1990, kutaja hadhi za watu katika jamii ya Warumi wa kale. Maneno yenyewe ni mwenyeji, raia, mgeni, mpitaji na mkimbizi. Hoja kuu ni kwamba, licha ya ubora wake, tafsiri hizo zimempoteza mtu mmoja aliyekuwa wa kawaida sana katika miji ya dola ya Kirumi: mkazi asiye raia, aliyeishi, kufanya kazi, kubeba mizigo ya mji na kulea watoto mahali ambapo sheria haikumhesabu kuwa mwana wa mji. Upotevu huo unapimwa kwa kuzisoma tafsiri hizo kutoka Kenani, wilayani Nchelenge, ambako swali la nani ni mwenyeji na nani ni mpitaji lina uzito wa kila siku. Makala yanapendekeza neno mkazi lirudishwe katika tafsiri na katika lugha ya sera.

Utangulizi

Kenani ni kituo kilichoko katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kilianza kupokea watu mwaka 2017, pale machafuko katika majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga yalipowalazimisha maelfu ya Wakongo kuvuka mpaka. Tangu mwaka 2018 wengi wao wamehamishiwa katika makazi ya Mantapala, wilayani humohumo, ambako kaya hupewa kiwanja cha kujenga na ardhi ya kulima. Katika lugha ya utawala, Kenani ni kituo cha mpito. Wengi waliopokewa hapo huzungumza Kiswahili cha Kongo, sambamba na lugha kama vile Kitabwa, Kibemba na Kiluba, na wanaowapokea hutumia zaidi Kibemba. Mazungumzo juu yao katika Kiswahili hujengwa juu ya jozi moja ya maneno: upande mmoja wakimbizi, upande wa pili wenyeji.

Jozi hiyo inaweza kuonekana kuwa mbali na maisha ya Warumi wa kale. Hata hivyo, msomaji wa kawaida wa Kiswahili hakuifahamu Roma kwa kusoma vitabu vya historia. Ameifahamu kupitia milango miwili. Mmoja ni tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwingine, ulio mpana zaidi, ni Agano Jipya. Ndani yake msomaji hukutana na sensa ya Kaisari, watoza ushuru, askari wa vikosi, watumwa wa nyumbani, mafundi wa mahema, mahakama za magavana na watu wanaodai haki kwa sababu ni Warumi. Kwa hiyo maneno ambayo watafsiri waliyachagua kwa ajili ya hadhi hizo yamekuwa pia maneno ambayo wasomaji huyatumia kufikiria suala la nani ana haki ya kukaa wapi. Hapo ndipo uhakiki wa tafsiri unapokutana na kazi ya mshauri wa sera.

Roma katika msamiati wa pwani

Toleo la Muungano lilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji ambao hapo awali walikuwa na tafsiri tofauti, hususan zile za Mombasa na Zanzibar. Liliivika Roma mavazi ya pwani. Gavana wa jimbo aliitwa liwali, ofisa wa askari mia akawa akida, na mkuu wa kikosi akawa jemadari. Maneno hayo yalikuwa hai katika utawala wa Zanzibar, na mawili ya kwanza yakaendelea kutumika katika utawala wa Wajerumani huko Tanganyika. Msomaji wa mwaka 1952 hakuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa kuhusu liwali. Alikuwa ama amemwona, ama amemsikia babu yake akimtaja.

Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa. Uliiondoa Roma katika ugeni na kuiweka mahali ambapo mlipa kodi wa Afrika Mashariki angeweza kuitambua. Lakini ulikuja na gharama. Katika ulimwengu wa liwali na akida, mgawanyiko unaoonekana haraka ni ule wa mtawala na mtawaliwa. Jamii ya Kirumi ilikuwa na ngazi nyingi zaidi, na mtu wa kawaida aliziona ngazi hizo sokoni, nyumbani na mahakamani kabla hajamwona gavana yeyote. Kulikuwa na raia wa kuzaliwa, raia aliyekuwa mtumwa, mtu huru aliyekuwa na haki nusu, mgeni mwenye uraia wa mji mwingine, na mtumwa. Swali ambalo uhakiki unapaswa kuliuliza ni hili: Kiswahili cha tafsiri kilizishikaje ngazi hizo?

Uraia kama jambo la kila siku

Kisa kinachojulikana zaidi kimo katika sura ya 22 ya Matendo ya Mitume. Paulo amekamatwa Yerusalemu na anakaribia kupigwa mijeledi ili ahojiwe. Anamuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Jemadari Klaudio Lisia anaarifiwa, anakuja, na katika mazungumzo mafupi anaeleza kwamba yeye aliupata uraia kwa fedha nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye aliuzaliwa. A. N. Sherwin-White, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu jamii na sheria ya Kirumi katika Agano Jipya, alionyesha jinsi kisa hicho kinavyolingana na desturi za kisheria za wakati huo. Jina Klaudio lenyewe linaashiria kwamba ofisa huyo aliupata uraia chini ya Kaisari Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba katika utawala huo uraia uliuzwa kwanza kwa bei kubwa, kisha bei ikaporomoka kiasi kwamba watu walitania kuwa ungeweza kununuliwa kwa vipande vya vioo vilivyovunjika.

Kwa Mrumi wa kawaida, uraia ulikuwa kitu cha kushikika. Mtoto halali wa raia aliandikishwa baada ya kuzaliwa, na mzazi aliweza kupata nakala iliyochorwa juu ya vibao vya nta na kuthibitishwa na mashahidi saba. Askari wa vikosi vya wasaidizi, ambao wengi wao walikuwa wageni, walipewa uraia baada ya utumishi wa miaka 25, na waliweza kubeba nakala ya shaba yenye majina yao. Aliyekuwa na kibao alikuwa na mahali pa kuanzia mbele ya hakimu. Asiyekuwa nacho alitegemea kumbukumbu za majirani.

Uraia uligusa hata chakula. Mjini Roma, mgao wa nafaka ulitolewa kwa raia walioandikwa katika orodha. Augusto mwenyewe aliandika kwamba mwaka 2 kabla ya Kristo wapokeaji walizidi kidogo 200,000. Kila mmoja alipata vipimo vitano kwa mwezi, takribani kilo 33 za ngano. Kabla yake Julius Caesar alikuwa ameipunguza orodha kutoka wapokeaji 320,000 hadi 150,000, na Suetonius anaeleza kwamba hesabu ilifanywa mtaa kwa mtaa kwa kuwatumia wenye nyumba za kupangisha. Mgeni aliyeishi Roma miaka thelathini, akilipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba huyohuyo aliyekuwa akihesabu, hakuwa na nafasi katika orodha hiyo. Kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama katika foleni ya mgao akiwa na kadi mkononi, mambo haya hayahitaji ufafanuzi mrefu.

Wenyeji dhidi ya raia

Toleo la Muungano linapofika kwenye maneno ya Lisia, halitumii neno raia. Linatumia wenyeji, kwa maana ya hali ya kuwa mwenyeji. Neno hilohilo linarudi katika Waraka kwa Wafilipi 3:20, ambapo Paulo anazungumzia makao ya waumini mbinguni, na katika Waefeso 2:19, ambapo wasomaji wanaambiwa kwamba hadhi yao imebadilika. Habari Njema, iliyotoka zaidi ya miaka arobaini baadaye, inaweka raia katika sehemu zote tatu.

Mtu anaweza kudhani kwamba badiliko hili ni la kisasa tu: neno la zamani limeondolewa, neno sahihi limewekwa. Uhakiki makini unaonyesha kwamba kila neno linaangaza upande mmoja na kutia giza upande mwingine.

Mwenyeji ni mwenye mji. Neno hili linamweka mtu mahali. Lina ardhi, nyumba, majirani na wajibu wa kumpokea mgeni ndani yake. Kwa Wafilipi 3:20 neno hili lina nguvu, kwa sababu Filipi ilikuwa koloni la Kirumi lililojengwa kwa ajili ya askari wastaafu, na hoja ya Paulo inahusu mtu kuwa na mji wake mahali pengine. Lakini kwa Lisia neno hilo linaleta ukungu. Lisia hakununua makao Roma. Alinunua hadhi ya kisheria ambayo ingemfuata Yerusalemu, Kaisaria au popote pengine. Msomaji anayesoma wenyeji anaweza kufikiri kwamba jemadari alinunua kiwanja.

Raia nalo lina historia yake. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kundi linalochungwa, na kwa muda mrefu katika Kiswahili lilimtaja mtawaliwa: raia wa Sultani, raia wa Mfalme. Maana ya mtu mwenye haki mbele ya dola, anayeweza kupiga kura na kudai, imekua pamoja na uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Habari Njema imefaidi ukuaji huo. Msomaji wa leo anapoona kwamba Lisia ni raia wa Roma, anafikiria mara moja kitambulisho, pasipoti na mahakama, na kwa kiasi kikubwa yuko sahihi. Hata hivyo, raia linamfunga msomaji katika dola ya kisasa yenye mpaka na ubalozi. Linasahaulisha kwamba Paulo alikuwa Mrumi na wakati uleule mtu wa Tarso, na kwamba katika karne ya kwanza mtu aliweza kuwa na miji miwili bila sheria kumtilia shaka.

Kwa hiyo hukumu juu ya maneno haya mawili haiwezi kuwa ya jumla. Katika Matendo 22, raia ni tafsiri bora. Katika Wafilipi 3:20, wenyeji linabaki na uzito ambao raia halina. Tatizo kubwa zaidi haliko katika maneno haya mawili. Liko katika neno linalosimama kinyume chake.

Mkazi aliyepotea

Katika Waefeso 2:19 maandishi ya Kigiriki yanataja hadhi mbili ambazo wasomaji wameziacha. Ya kwanza ni mgeni. Ya pili ni paroikos. Toleo la Muungano linaiita hadhi hii ya pili wapitaji. Katika 1 Petro 2:11, ambapo neno hilohilo linatokea, Toleo la Muungano linatumia tena wapitaji, na kuliongezea wasafiri kwa ajili ya neno linalofuata. Habari Njema, katika Waraka huohuo wa Petro, inatumia neno wakimbizi.

Paroikos hakuwa mpitaji. Kwa asili ya neno, ni mtu anayekaa kando ya nyumba ya mwingine. Katika miji ya Asia Ndogo lilikuwa neno la kiutawala, lenye daftari lake. Mfano ulio wazi unatoka Pergamo mwaka 133 kabla ya Kristo. Mfalme Attalos III alipofariki, mji huo ulitoa azimio lililowapa uraia watu waliokuwa wameandikwa katika orodha ya paroikoi pamoja na makundi fulani ya askari, na kuwapandisha watu wengine wa hadhi ya chini, wakiwemo watoto wa walioachwa huru, hadi ngazi ya paroikoi. Azimio hilo linathibitisha mambo matatu. Kwanza, paroikoi walikuwa wakazi wa kudumu, waliojulikana kwa majina. Pili, ngazi yao ilikuwa kati ya raia na mgeni. Tatu, ngazi hiyo ilikuwa na mlango: mji uliweza kuufungua ulipotaka, na mara nyingi ulitaka ulipowahitaji.

Sheria ya Kirumi nayo ilikuwa na mtu wa aina hiyo, ikimwita incola. Wanasheria walitofautisha kwa uwazi: mtu huwa raia wa mji kwa asili yake, kwa kuachwa huru, kwa kuteuliwa au kwa kufanywa mwana, huwa incola kwa makao yake. Na incola hakukaa bure. Alibeba mizigo ya mji alikoishi, kama vile kazi za umma na huduma za lazima, huku akiendelea kudaiwa na mji wa asili yake. Alikuwa mtu wa wajibu mara mbili.

Maisha ya kila siku ya watu hawa yanaonekana ndani ya Agano Jipya lenyewe. Akila na Priskila, katika Matendo 18, waliondoka Roma kwa sababu Klaudio aliwaamuru Wayahudi kuondoka. Wakaenda Korintho, wakafungua kazi yao ya mahema, wakampa Paulo kazi na mahali pa kulala. Baadaye wanaonekana Efeso, na kisha tena Roma. Walifukuzwa, lakini hawakuwa wapitaji. Kila walipofika waliweka karakana, na nyumba yao ikawa mahali pa mkutano. Kwa maneno ya Kiswahili, wageni waliokuja walikuwa wamegeuka kuwa wenyeji wa wengine, ingawa hakuna mji uliowaandika hivyo.

Ni mtu huyu ambaye tafsiri zimempoteza. Toleo la Muungano limemfanya apite. Habari Njema imemfanya akimbie. Zote mbili zimeacha kusema kwamba alikuwa anakaa.

Ushahidi wa mtu asiye na kibao

Namna hadhi ya kati ilivyokuwa dhaifu inaonekana katika kesi ya msichana Petronia Justa, iliyohifadhiwa katika vibao vya nta vilivyofukuliwa Herculaneum. Mama yake, Vitalis, alikuwa mtumwa katika nyumba ya Petronius Stephanus na mkewe Calatoria Themis, kisha akaachwa huru. Swali la kesi, iliyokuwa ikiendelea mwaka 75, lilikuwa moja: je, Justa alizaliwa kabla au baada ya mama yake kuachwa huru? Kama ni baada, alizaliwa huru. Kama ni kabla, alizaliwa mtumwa.

Vibao vimehifadhi viapo vya mashahidi, baadhi wakiapa kwamba walisikia au wanajua kuwa msichana alizaliwa huru, na wengine wakiapa kinyume. Justa hakuwa na hati ya kuzaliwa ya kumaliza ubishi. Alilelewa ndani ya nyumba ile, majirani walimjua tangu utotoni, na bado hadhi yake yote ilisimama juu ya tarehe moja ambayo hakuna aliyeiandika. Miaka michache baadaye, mwaka 79, Vesuvius ililipuka na kuvifukia vibao hivyo bila hukumu ndani yake.

Kesi hii inahusu utumwa, na si uhamiaji. Inastahili kutajwa hapa kwa sababu inafundisha kanuni inayovuka mipaka ya Roma: katika jamii inayogawa haki kwa hadhi, mtu hana haja ya kufanya kosa ili azipoteze. Inatosha akose karatasi ya siku aliyozaliwa.

Pingamizi

Mhakiki mwadilifu hana budi kukiri kwamba wapitaji si kosa la uzembe. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walitumia paroikos kwa ajili ya mababu waliokaa katika nchi isiyo yao, na kutoka hapo neno likapata maana ya kiroho ya mtu anayepita duniani. Ibada ya makanisa ya Afrika Mashariki imeishika maana hiyo kwa moyo wote. Katika mazishi, kumwita marehemu mpitaji ni faraja. Vilevile, wataalamu hawakubaliani kuhusu Waraka wa Petro. John H. Elliott, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alitetea kwamba wasomaji wa kwanza wa waraka huo walikuwa wakazi wageni kwa hadhi halisi ya kijamii. Wengine wameona kwamba lugha hiyo ni sitiari tangu mwanzo.

Pingamizi hili lina uzito, lakini halifiki mbali kama linavyodhaniwa. Sitiari hufanya kazi kwa kuegemea maana ya kawaida. Kama paroikos ni sitiari, basi ni sitiari ya mkazi asiye na haki kamili, na nguvu yake inatokana na uchungu wa kukaa mahali bila kuhesabiwa. Mpitaji hana uchungu huo, kwa kuwa safari yake inaishia kwingine. Habari Njema kwa upande wake imekaribia zaidi uchungu wenyewe ilipochagua wakimbizi, na mtu aliyekimbia Pweto au Moba anaweza kujiona ndani ya ukurasa. Hiyo ni faida ambayo haifai kudharauliwa. Lakini mkimbizi hutambulishwa kwa kile alichokikimbia. Neno hilo halisemi lolote kuhusu anachokijenga alikofika.

Kusoma kutoka mwambao wa Mweru

Ziwa Mweru ni mahali pazuri pa kupimia maneno haya, kwa sababu historia yake haimpi mtu yeyote uenyeji rahisi. Waingereza na Mfalme Leopold walipatana mwaka 1894 kuhusu mpaka unaopita katika ziwa na Mto Luapula, na watu wa lugha na koo zilezile wakajikuta pande mbili. Ian Cunnison, katika utafiti wake kuhusu watu wa Luapula uliochapishwa mwaka 1959, alieleza bonde ambalo karibu kila kundi lina simulizi ya kuwasili kutoka kwingine, na ambalo Walunda wa Kazembe walitawala huku wakitambua kwamba kuna waliotangulia kuwa wenye nchi. Kutawala, kuwa wa kwanza na kukaa vilikuwa mambo matatu, na hakuna moja lililofuta mengine.

Lugha za hapo zinahifadhi wazo hilo. Mkuu wa kijiji katika Kibemba ni mwine mushi, mwenye kijiji. Muundo wake ni uleule wa mwenye mji uliozaa neno mwenyeji. Kwa hiyo Mkongo anayezungumza Kiswahili na Mzambia anayezungumza Kibemba wanakutana Nchelenge wakiwa na neno moja la kale kwa maana ya mtu ambaye mahali ni pake. Wanachokosa wote wawili, katika msamiati wa sera, ni neno kwa ajili ya mtu anayekaa mahali ambapo si pake kisheria.

Methali za Kiswahili ziliwahi kuijua nafasi hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, inamfanya mgeni kuwa chanzo cha heri kwa anayempokea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inaweka ratiba: hali ya kuwa mgeni ina mwisho, na mwisho wake ni kazi na ardhi. Mantapala, kwa kugawa ardhi ya kulima, imefuata methali hiyo ya pili kwa vitendo. Lakini jembe katika methali halibadilishi orodha ya majina. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilitoa angalizo juu ya Kifungu cha 26, linaloiachia serikali haki ya kuteua mahali ambapo wakimbizi wataishi, na mfumo wa makazi maalumu unasimama juu ya msingi huo hata baada ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017. Mtu anaweza kupewa jembe, akavuna, akauza, akazaa, na bado maneno yanayomhusu yakawa mpito na ukimbizi.

Tanzania imeonyesha kwamba mlango wa Pergamo unaweza kufunguliwa katika karne hii. Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972, na watoto wao waliozaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Walikuwa wamekaa miaka zaidi ya arobaini. Kwa muda wote huo walikuwa wakazi kwa kila kipimo cha maisha ya kila siku, wakisubiri lugha ya sheria iwafikie.

Hitimisho na mapendekezo

Roma yenyewe inatoa tahadhari ya mwisho. Mwaka 212 Kaisari Caracalla alitoa uraia kwa karibu watu wote huru wa dola. Ngazi kati ya raia na mgeni ikafutika kwa agizo moja. Lakini katika karne hiyohiyo mahakama ziliendelea kuimarisha mgawanyiko mwingine, kati ya watu wa heshima na watu wa chini, na adhabu za mwili ambazo Paulo aliziepuka kwa kusema yeye ni Mrumi zikaweza kumpata raia maskini. Hivyo uraia ni jambo la lazima, lakini hautoshi peke yake. Anayetunga sera kwa kuutazama mlango wa mwisho tu atasahau chumba ambacho watu wanaishi kwa miaka mingi kabla ya kuufikia.

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo matatu yanafuata. La kwanza linawahusu watafsiri. Katika marekebisho yajayo ya tafsiri za Biblia, paroikos apewe neno mkazi au mkaaji, na mpitaji abakizwe kwa neno la pili la Petro, ambalo kweli linamtaja mtu wa muda. Badiliko hilo dogo litamrudishia msomaji ngazi iliyokuwepo katika miji ya Kirumi, na halitainyima ibada faraja yake.

La pili linawahusu wanaoandika nyaraka za Kiswahili kwa ajili ya Kenani, Mantapala na mahali pengine kama hapo. Jozi ya mkimbizi na mwenyeji ipanuliwe kwa neno la tatu. Mkazi linaweza kumtaja mtu kwa kile anachokifanya mahali alipo, bila kudai hadhi ambayo sheria haijampa na bila kumfuta kama mtu wa kupita.

La tatu linawahusu washauri wa sera moja kwa moja. Kabla ya mjadala wa uraia kufikia mwisho, hadhi ya mkazi inahitaji kibao chake: uandikishaji wa vizazi unaofanywa mapema, kwa hati inayosomeka pande zote mbili za ziwa. Justa wa Herculaneum alikuwa na mashahidi wengi na hakuwa na hati. Mtoto anayezaliwa leo wilayani Nchelenge hapaswi kungojea majirani waape miaka kumi na mitano baadaye kuhusu siku aliyozaliwa na mahali alipozaliwa.